Muundi unaong'aa na maji ya moto

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu yupo Newala, ana miaka 61, na anaumwa kisukari mwaka wa 9 sasa. Muundi wa kulia ngozi imekuwa nyembamba, inang'aa, malaika yamepukutika na mguu ni wa baridi. Sukari ya asubuhi inasoma 7 hadi 8. Jirani anasema ni damu nzito, tumkande kwa maji ya moto yenye mwarobaini na chumvi. Ni kisukari kinachokula ngozi?

JIBU: Marahaba. Maji ya moto yaacheni leo.

Ngozi ya mama ina njaa ya damu. Mishipa inayoshusha damu mguuni imebanwa na mafuta yaliyojijenga kwenye kuta zake. Huo ni ugonjwa wa pili: humpata hata asiye na kisukari, hasa mvutaji na mwenye presha, ila kisukari huuharakisha. Muulize kama kigimbi humkaza akipandisha mlima, kisha akisimama kidogo maumivu yanaisha.

Sasa hilo la kukanda, maana silali kwa sababu yake. Watu wanaamini joto huzibua mshipa. Halizibui! Joto huifanya ngozi idai damu zaidi, na damu hiyo haina pa kupita. Tena kisukari cha miaka 9 mara nyingi kimeshatia nyayo ganzi, kwa hiyo mama hatasema "yanachoma". Mtaona malengelenge kesho yake. Mguu wenye damu ya kutosha lengelenge hupona. Mguu kama wa mama, lengelenge linaweza kuishia kwenye kukatwa. Nimepokea miguu iliyoiva namna hiyo, na aliyekanda karibu kila mara ni mtoto anayempenda mzazi wake.

Mpeleke hospitali ya Ndanda au Ligula, wamshike mapigo ya damu kwenye unyayo na kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Uwiano chini ya 0.9 maana yake mshipa umebana. Kwa wenye kisukari mishipa huweza kukakamaa na kipimo kikadanganya kwa kwenda juu, hivyo wakisema ni kizuri na mguu bado baridi, omba dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita mshipani. Dawa za lehemu na aspirini ataandikiwa huko, usimnunulie mwenyewe.

Na wale wanaopita na unga wa "kukausha kidonda", au wanaopaka mafuta ya ganda la korosho kwenye nyufa za kisigino, wafungieni mlango. Mafuta hayo hubabua viganja vya mbanguaji mwenye afya yake. Mguu usio na damu utayastahimili vipi?

Kidole kikigeuka cheusi, kidonda kikitoa harufu, au mama akianza kulala ameninginiza mguu nje ya kitanda ili maumivu yapungue, msingoje siku ya kliniki wala hela ya mnada wa korosho. Safirini siku hiyo hiyo.