Usimwache Mwanagenzi Peke Yake Nje ya Mlango

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Ameingizwa kwenye loji ya Wafrimasoni mwaka huu huu, na bado ni mwanagenzi, yaani mwanachama wa daraja la kwanza. Siku ile alivalishwa aproni nyeupe ya ngozi ya mwanakondoo, akapongezwa na kila mtu, akarudi nyumbani anaelea. Tangu hapo, anasema, kila akihudhuria kikao anaambiwa atoke nje mapema, na akirejea anakuta watu wanatazama saa zao. "Kaka, nadhani wamenisahau. Niandike barua ya kujiuzulu?"

Nilimjibu asiandike. Lakini ujumbe wake ulinichoma, kwa sababu yaliyomkuta yeye ndiyo yaliyonikuta mimi, na sijawahi kuyasema hadharani.

Wengi mnaosoma hapa ni ndugu, yaani Wafrimasoni wenzangu, au mnatamani kuwa, kwa hiyo utaratibu mnaujua. Loji inafunguliwa kwa daraja la kwanza. Ikiwa siku hiyo kuna ndugu anayepandishwa daraja la pili au kuinuliwa la tatu, mwanagenzi hana ruhusa ya kuona, anaombwa atoke. Sheria hiyo ni nzuri na siipingi. Ninachopinga ni kile kinachofuata, yaani mlango kufungwa na mtu kuachwa hapo kama mzigo.

Mimi niliachwa kwenye kiti cha plastiki, na mlinzi wa nje, mzee mmoja mwenye upanga mkononi, ambaye kazi yake ni kulinda mlango na wala si kunifundisha. Nilikuwa nasikia vishindo vya nyundo ndani, kimya, vishindo tena. Nilikuwa na maswali kifua kizima. Kwa nini nilisimamishwa kona ya kaskazini-mashariki? Kwa nini niliombwa sadaka wakati walikuwa wamenivua kila kitu chenye thamani? Nilikuwa nimetamkishwa kiapo kwa Kiingereza cha karne nyingine, na hakuna aliyenikalisha chini kunieleza kwa lugha ninayoota nayo. Mlango ulipofunguliwa ilikuwa usiku, chakula kimepoa, na mezani nikawekwa mwisho kabisa kati ya wageni wawili waliokuwa wanazungumza wao kwa wao.

Ningeyameza hayo. Kilichonivunja ni msiba. Baba yangu alifariki, nikamjulisha katibu kwa ujumbe, nikaenda kijijini kuzika. Hakuna aliyepiga simu. Baadaye nikapata kumbukumbu za kikao cha mwezi ule, nikaona jina langu kwenye orodha ya waliotuma udhuru. Udhuru! Mtu amemzika mzazi wake, na watu wanaomwita ndugu wameandika udhuru. Kwetu hata jirani ambaye hamsalimiani hufika msibani, akakaa kwenye mkeka, akachangia chochote, akaondoka. Nimeisamehe loji ile, lakini siku hiyo bado nikiikumbuka koo linanikauka.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja, Masta (kiongozi wa loji) wa zamani wa loji nyingine kabisa. Alisikia habari zangu kwa watu, akafunga safari kuja kunipa pole, akala ugali na mama yangu, akamsikiliza mama akimsimulia baba. Ya loji hakuyagusa mpaka tulipokuwa tunaagana. Aliniambia, "Nitakuwa natoka nje na wewe." Na kweli, nilipojiunga na loji yake, kila nilipotolewa nje naye alitoka, akaacha kiti chake cha heshima, tukakaa chumba cha pembeni. Yeye ndiye aliyenifafanulia rula ya inchi 24, zana ya mwanagenzi: siku ina saa 24, sehemu ni ya ibada, sehemu ya kazi na mapumziko, na sehemu ya kumsaidia rafiki au ndugu aliyekwama. Ile ya mwisho, akasema, ndiyo loji nyingi hazina muda nayo.

Mwaka huu mimi ndiye Masta wa loji hiyo. Nasema kwa fahari na sioni haya. Mwezi uliopita mwanagenzi wetu alijibu maswali ya kupandia daraja la pili bila kukumbushwa neno hata moja, na ukumbi mzima uliona anaelewa anachokisema. Alikuwa amefundishwa nje ya mlango.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusikilizane.

Kwanza, kila loji imteue mtu mapema, kwa jina, wa kutoka nje na mwanagenzi. Asiwe anayejitolea dakika ile ile huku akinung'unika kwamba anakosa sherehe. Awe mtu anayejua mambo, mwenye subira, na azungumze lugha ya yule kijana. Matamshi ya sherehe yatabaki kama yalivyo, lakini maelezo hakuna sheria iliyosema yawe ya Kiingereza.

Pili, muda. Kikao kikichelewa, anayeumia ni ndugu mpya, kwa sababu wakubwa watakuwa wameshaongea mambo yao ndani na saa itakayopunguzwa ni ya mezani, pale ambapo watu hufahamiana. Kumbukumbu zitumwe kwa wanachama kabla, ili kikaoni zithibitishwe tu bila kusomwa mstari kwa mstari. Ugomvi wa bajeti umalizwe kwenye kamati. Wageni wanaotaka kuleta salamu walete salamu, hotuba wakaitolee mezani, tena fupi. Mimi huanza saa iliyoandikwa kwenye mwaliko hata kama mheshimiwa fulani bado anatafuta maegesho. Mara ya kwanza walinuna. Sasa wanawahi.

Kuna na hili la kukumbushana maneno. Ofisa akisahau, unasikia sauti kutoka pembe zote za ukumbi, kila mzee akimtupia neno lake, na yule anayeingizwa, amefungwa macho, hajui amsikilize nani. Ateuliwe mkumbushaji mmoja tu, wengine wote wanyamaze. Na mazoezi yafanyike. London kuna loji ya mazoezi, Emulation, iliyoanza mwaka 1823, na ndugu akiongoza sherehe pale bila kosa hata moja hupewa kisanduku cha kiberiti cha fedha. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini nimekutana na watu wanaotamka kila neno sawasawa na hawalijui jina la mke wa ndugu waliyemwingiza.

Hilo linanirudisha nyuma zaidi, kwenye kupiga kura. Kwa kanuni za Uingereza, ambazo sisi wa Afrika Mashariki chini ya Grand Lodge ya Uingereza, mamlaka kuu ya loji zetu iliyoko London, tunazifuata, mipira mitatu myeusi inamkataa mwombaji, na loji ikitaka inaweza kuweka kwamba hata mmoja unatosha. Tunakaa na sanduku lile la kura kwa umakini mkubwa, halafu unamuuliza aliyempendekeza, "Umewahi kufika kwake?" Hajawahi. Nendeni nyumbani kwa mtu. Ongeeni na mkewe, aulize anachotaka kuuliza, maana hofu zake ni za kweli. Mitaani kwetu kuna makaratasi yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme yakiahidi utajiri kwa anayejiunga na Freemason, na namba ya simu chini. Ni utapeli mtupu, na mwombaji anaweza kuwa amekuja akiwa na matumaini hayo hayo moyoni. Marehemu Sir Andy Chande, aliyewaongoza Wafrimasoni wa Afrika Mashariki na kufariki mwaka 2017, alizungumza na waandishi wa habari waziwazi kuhusu mambo haya, huku wengi wetu tukijificha. Tumuige. Mwambieni mwombaji kabla hajajaza fomu kwamba hapa hakuna anayepewa pesa. Utalipa ada ya kuingia, ada ya mwaka, mavazi, chakula, na michango ya hisani. Mpeni jumla kamili, asije akagundua nusu nyingine akiwa ameshaapa.

Na ndugu akianza kuchelewesha ada, tafadhali, wa kwanza kumpigia asiwe mweka hazina. Kanuni inasema deni la miaka miwili kamili linamwondoa uanachama, na nimeona loji zikiisubiri tarehe hiyo ili zisafishe orodha. Ampigie yule anayeshughulikia wagonjwa na wajane. Aulize kazi ipo? Watoto wanasoma? Nyumbani kuna mgonjwa? Mara nyingi utakuta mtu kaachishwa kazi, anaona aibu, na anakwepa hata barabara inayopita ukumbini. Mtu huyo alipiga magoti mbele yetu, nasi tukamwambia yeye ni ndugu. Deni lake lijadiliwe baada ya kufika kwake, na atakayekwenda apeleke sukari na unga bila kungoja kuagizwa na kikao.