Maswali ya Wazazi: Simu Imemshika Mtoto, Tumpe Nini?

Likizo ya Agosti ikifika, barua zinazotujia kutoka Lamu na Malindi huwa karibu zote za gemu. Tumechagua tano. Majibu hayana urefu sawa, kwa kuwa hata matatizo hayalingani.

Assalamu alaykum. Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Huishika simu yangu baada ya Alasiri na kucheza Free Fire mpaka saa tano usiku. Nikimpokonya hupiga makelele, kisha hununa siku nzima. Juzi nimekuta shilingi 300 zimetoka kwenye M-Pesa, kumbe amenunua almasi za gemu. Nianzie wapi? — Mama wa Langoni, Lamu

Wa alaykum salaam, mama. Anzia kwenye M-Pesa, leo hii. Badilisha pini, na usiibonyeze tena mtoto akiwa begani kwako. Halafu ingia kwenye mipangilio ya Play Store, sehemu ya ununuzi, uweke idhini itakiwe kwa kila ununuzi. Hilo ni la dakika tano, na likishafanyika utaweza kushughulikia gemu bila hasira ya pesa.

Sasa tuje kwenye kupokonya. Mechi ya mtandaoni haisimamishwi katikati. Mtoto yuko kwenye kikosi na wenzake, na akitoka amewaangusha. Ukimpokonya simu hapo, kelele unazosikia nusu ni za gemu na nusu ni za aibu mbele ya marafiki. Kwa hiyo usimhesabie dakika, mhesabie mechi. Mechi moja ya Free Fire kwa kawaida huchukua kama dakika 10 hadi 15. Mwambie kabla hajaanza: “Leo ni mechi nne.” Ya tatu ikiisha mkumbushe, na ya nne ikiisha simu inarudi mkononi mwako. Wazazi wengi hukosea hapa kwa kupiga kelele kutoka jikoni katikati ya mechi, wakajibiwa “sasa hivi, mama” mara kumi.

Siku tatu za mwanzo usipunguze chochote, pima tu. Simu nyingi za Android zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha kila programu imetumika kwa muda gani kwa siku. Tuseme umekuta masaa matano. Punguza nusu saa, yaani kama mechi mbili, kaa hapo siku tatu, kisha punguza nusu saa nyingine. Kutoka masaa matano hadi saa moja, yaani zile mechi nne, ni siku 24, yaani karibu likizo yote. Ni polepole, lakini mtoto aliyekatwa ghafla huwa anahamia simu ya binamu, na huko huna la kupima.

Sehemu hiyohiyo ya mipangilio ina kipima muda: ukigusa jina la gemu unaweka kikomo cha siku, kikifika gemu inajifunga mpaka saa sita za usiku. Kuna mitego miwili. Wa kwanza, mtoto anayejua namba ya kufungulia simu yako ataingia mwenyewe akiongeze. Wa pili ni Family Link, programu ya Google ya wazazi, ambayo majirani watakushauri uitumie. Ni nzuri na ni ya bure, lakini huongoza akaunti ya mtoto. Akichezea simu yako, kwa akaunti yako, haitakusaidia kitu. Itakufaa siku atakapopata simu yake.

Jambo kubwa kuliko yote hayo ni saa gani anacheza. Umemwachia gemu baada ya Alasiri, na huo ndio wakati jua limepungua, upepo umeingia na watoto wako nje. Geuza. Mpe mechi zake baina ya Adhuhuri na Alasiri, wakati ambao hata wewe hungemtoa juani. Alasiri ikiadhiniwa, simu inalala. Usiku isirudi kabisa: mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 11, na simu ichajiwe chumbani mwako. Akikuambia anaihitaji kwa kengele ya kumwamsha Alfajiri, mwambie Lamu haina uhaba wa misikiti.

Atanuna wiki ya kwanza. Mwache anune. Usijadiliane naye akiwa na hasira, na usimwongezee mechi hata moja ili anyamaze, kwa maana atajifunza kwamba kununa kunalipa.

Sisi simu tumeshaiondoa. Tatizo ni kwamba amekaa tu barazani, anatazama ukuta. Nimemnunulia mpira wa shilingi 1,200, hauchezi. — Baba wa Mkomani, Lamu

Baba, mpira peke yake hauchezeki. Gemu ilikuwa inampa mambo matatu kwa pamoja: wenzake, kitu cha kuboresha, na matokeo anayoyaona papo hapo. Mbadala ukikosa hata kimoja, atarudi barazani. Basi usimuulize “unataka kufanya nini?” kwa sababu hajui. Mwekee kazi mbele yake, na mwite mtoto mmoja wa jirani aje.

Tiara ni mwanzo mzuri, na likizo ya Agosti inaangukia kwenye kusi, kwa hiyo upepo si wa kutafuta. Chomoeni chelewa nne kutoka ufagio mpya. Chelewa ni nene shinani na nyembamba nchani, kwa hiyo fungeni mbilimbili, shina la moja kwenye ncha ya nyingine, ili unene ulingane. Ukiruka hatua hii tiara huelemea upande mmoja na hutajua kwa nini. Kijiti cha kusimama kiwe sentimita 60, cha kulala 50. Cha kulala kifungwe sentimita 15 kutoka juu, katikati yake kamili. Zungusheni uzi kwenye ncha nne, ukaze lakini usipinde vijiti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na afadhali. Tumieni karatasi nyepesi ya kufungia zawadi. Ikateni ikizidi uzi kwa sentimita 2 kila upande, ikunjwe juu ya uzi na kubandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Ikauke usiku kucha. Mtoto atataka kuirusha hapo hapo, karatasi itachanika kwenye mikunjo.

Hatamu hufungwa upande wa karatasi: uzi wa sentimita 90, ncha moja pale vijiti vinapokutana, ncha ya pili chini kabisa ya kijiti cha kusimama. Fundo la kuunganisha uzi mrefu liwe karibu zaidi na juu kuliko chini. Mkia uwe mita 3 za vitambaa vyembamba.

Halafu hapa ndipo penye mchezo wenyewe, maana tiara ya kwanza haipai vizuri. Ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi, ongezeni nusu mita. Ikivuta kwa nguvu lakini haipandi, fundo la hatamu liko chini mno, lisogezeni juu kidogo, upana wa kidole. Ikipanda vizuri mpaka juu ya vichwa vyenu kisha ikaanguka kwa pua, fundo liko juu mno. Badilisheni kitu kimoja tu kila mara. Mtoto wa gemu anaijua kazi hii kuliko unavyodhani: kujaribu, kushindwa, kurekebisha, kujaribu tena.

Warushie uwanja wazi au ufukweni Shela, si juu ya dari za mji. Mtoto anayerudi nyuma huku akitazama juu haoni ukingo. Na tiara iliyonasa kwenye nyaya za umeme imekwenda. Asiifuate kwa mti wala kwa chuma.

Jioni ikiwa haina upepo, toa bao. Lina mashimo 32 na kete 64. Usimwanzishe na bao la Kiswahili lenyewe, lenye namu (kete zinazoingizwa mojamoja) na nyumba (shimo lenye kanuni zake), atachoka kabla hajaonja kula kete. Mwanzishe kwa kete mbili kila shimo, zote ubaoni tangu mwanzo, akisha kujua kuzungusha na kula umpeleke mbele. Mchezo wa kwanza na mtoto hauzidi sana mechi zake za simu. Kisha mpeleke akatazame wazee wanaocheza kweli, na mwambie wewe unaweza kufungwa. (Ufungwe kwa haki. Watoto wanajua ukijifungisha.)

Bahari nayo ipo, lakini ina masharti. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na alasiri, na ndio wakati watoto hujirusha gatini. Yakianza kutoka, mkondo huvuta. Anayejifunza kuogelea ajifunze siku za maji mafu, yasipojaa wala kutoka sana, mbali na njia ya boti za mashini, na mtu mzima anayejua kuogelea awe naye majini, si juu ya ukuta. Akienda kuvua kwa mshipi, mfundishe samaki wawili kabla ya kutia chambo: tafi, ambaye miba yake ina sumu, na bunju, ambaye haliwi hata akipikwa.

Binti yangu ana miaka 13. Yeye si wa kwenda viwanjani, na gemu zake ni za kupamba nyumba na kuvisha wanasesere, masaa na masaa. Nimeanza kumpa kazi za nyumbani kila akishika simu. Ni sawa? — Mama wa Shela

Si sawa, mama, kwa heshima zote. Kazi za nyumbani afanye kwa sababu anaishi katika nyumba hiyo. Zikiwa adhabu ya gemu, umeifanya gemu kuwa tamu zaidi na jiko kuwa chungu.

Tazama anachokipenda ndani ya simu: rangi, mpangilio, kitu kinachokamilika. Ukili, ule msuko wa kushonea mikeka na vikapu, una yote hayo. Nunua miyaa ya rangi mbili, iloweshe mpaka ilainike (ikiwa kavu hukatika na mwanafunzi hukata tamaa), na mtafutie bibi au shangazi wa kumwanzishia. Asianze na mkeka. Mkeka ni wa wiki nyingi. Aanze na kikapu kidogo au kawa, aone mwisho wake siku chache zijazo. Piko na hina pia zinafaa, na msimu wa harusi zitampa hata pesa yake.

Lakini asikae ndani tu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za mwendo unaotoa jasho, na halikuwatoa wasichana. Wewe uko Shela na una ufuo mrefu. Baada ya Alfajiri, kabla wageni hawajaamka, nendeni na jamaa zenu wa kike mtembee au mkaogelee, maadamu maji si ya kuvuta. Binti anayejua kuelea ana usalama ambao simu haimpi.

Kijana wangu wa miaka 14 yuko kwenye kibanda cha pleisteshen kila siku, nauli ya shule anailipia mpira wa kwenye skrini. Nimetishia kumshtaki mwenye kibanda. — Mama, Malindi

Kabla ya kushtaki, nenda ukazungumze naye. Mwambie jina la mwanao, saa zake za shule, na umwombe asimpokee kabla ya saa kumi jioni. Wengi hukubali, kwa sababu hawataki ugomvi na mtaa. Asipokubali, ndipo uende kwa mwalimu na mzee wa mtaa.

Nauli usimpe ya wiki nzima. Mpe ya siku, au mlipe dereva wa tuktuk moja kwa moja. Kisha mpe kiasi kidogo kinachojulikana, tuseme mechi mbili za Jumamosi, wazi, bila kujificha. Kinachofichwa hakihesabiki.

Kuna nafasi hapa ambayo wazazi hawaioni. Kijana huyu anajua mifumo, anajua nani acheze wapi. Maji yakitoka, ufuo wa Malindi ni uwanja mpana na mgumu wa kutosha kwa watano kwa watano. Mpe kazi ya kuandaa mashindano: timu sita, kila timu icheze na kila timu, hizo ni mechi 15, dakika 10 kila nusu. Yeye ndiye apange ratiba na kuandika jedwali la pointi. Ratiba ifuate maji, ambayo husogea karibu dakika 50 kila siku. Akipanga saa ileile wiki nzima, mechi ya Ijumaa itachezwa ndani ya mawimbi. Akosee mara moja, ataanza kusoma maji mwenyewe.

Nitajuaje kama ni ugonjwa? — Baba, Malindi

Tatizo la gemu limo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Haliangalii masaa peke yake. Linaangalia kama mtoto hawezi kujizuia, kama gemu imepita kila kitu kingine, na kama anaendelea hata ikimharibia masomo, usingizi au uhusiano na watu, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mtoto aliyelewa gemu likizo moja hajafika hapo. Lakini ikiwa haogi, hataki kula na watu, ameacha shule, au anazungumzia kujidhuru, usingoje miezi. Mpeleke hospitali ya kaunti na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili, na useme wazi ulichokiona nyumbani: analala saa ngapi, anakula nini, ameacha nini, tangu lini.