Je, aliyeokoka anaweza kuupoteza wokovu?

Ndugu, umeuliza kama aliyeokoka kweli anaweza kuanguka na kupotea, ukitaja Yohana 10:28. Ahadi hiyo naishika kwa mikono miwili: hakuna awezaye kutupokonya mkononi mwa Kristo. Lakini Waebrania 6:4-6 inawataja watu waliokionja kipawa cha mbinguni, wakafanywa washirika wa Roho Mtakatifu, kisha wakaanguka. Wafuasi wa Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, husema hao hawakuwa wameokoka kweli, na Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa makanisa yao huko Uholanzi, ilishika msimamo wa kwamba wateule hudumu hadi mwisho. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikataa msimamo huo, nami niko upande wake. Ila si kila dhambi inayosemwa pale Waebrania. Petro alimkana Bwana mara tatu akapokewa tena. Kinachotisha ni kumwacha Kristo kwa makusudi. Wewe unayeogopa kumpoteza, bado unamtaka. Mwendee leo.