Jibu: CMake haioni gtkmm wakati imeshawekwa

Habari mkuu. Kwa hiyo unakompaili Inkscape (programu ya kuchora michoro ya vekta) kwenye Ubuntu, CMake (zana inayoandaa ujenzi wa programu) inagoma ikidai gtkmm-3.0 (maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe) haipo, na apt (kisakinishi cha vifurushi cha Ubuntu) nayo inakuambia ipo. Zote mbili zinasema kweli.

Ulichonacho ni maktaba ya kuendeshea programu tu. Ya kujengea iko kwenye kifurushi kingine, libgtkmm-3.0-dev, humo ndimo mna faili za .h (za vichwa vya msimbo) na ile ya gtkmm-3.0.pc ambayo CMake inaitafuta. Anza na amri hii, inayoangalia kama faili hiyo ya .pc inaonekana:

pkg-config --modversion gtkmm-3.0

Isipokupa namba ya toleo, weka hicho cha -dev. Ikikupa namba na CMake bado inalalamika, futa folda nzima ya build uanze upya. CMakeCache.txt, faili ambamo CMake huhifadhi ilichokipata, ni king'ang'anizi, inaweza kubaki na majibu ya jana hata baada ya wewe kurekebisha kila kitu.

Usiwinde kifurushi kimoja kimoja, utakesha. Washa deb-src (inayoiruhusu apt kusoma taarifa za msimbo chanzo) kwenye vyanzo vya apt, kisha:

sudo apt update
sudo apt build-dep inkscape

Amri ya pili inaweka vifurushi vyote vinavyohitajika kuijenga Inkscape. Ila orodha yake ni ya toleo lililomo Ubuntu. Kama umechukua msimbo mpya kutoka git, huenda vitu kadhaa vikapungua; hivyo utaviongeza kwa mkono. Na uwe umeclone (umenakili msimbo kwa git) kwa --recurse-submodules, la sivyo 2geom (maktaba ya jiometri inayotumiwa na Inkscape) itakosekana.

Mwisho, kwenye amri ya cmake weka -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/inkscape, ili Inkscape isakinishwe kwenye folda hiyo. Ukichoka nayo unafuta folda tu, mfumo hauguswi.