Upande wa Chini wa Meza Nao Unataka Plakaji: Mama Fundi Anajibu

Barua nyingi za safari hii zimeuliza kuhusu nakshi ya vipande vya mbao, ile ambayo hapa Lubumbashi tunaiita marketeri: kukata plakaji, yaani mbao nyembamba sana za rangi mbalimbali, kuziunganisha ziwe picha, kisha kuzibandika juu ya meza, sanduku au mlango wa kabati. Ndiyo kazi ninayoifanya na kuifundisha, kwa hiyo nimejibu kwa kirefu pale panapohitajika. Majina nimeyaacha, nimebakiza mtaa.

Mama Fundi, heshima yako. Mwezi wa pili nilitengeneza meza ya sebuleni, juu nikabandika ua la mbao za mulombwa na jakaranda kwenye tripleksi (plaiwudi). Mteja aliipenda sana. Mwezi wa nane ameirudisha: uso umepinda, katikati pameingia ndani, na vipande viwili vimeachana. Anasema nilitumia mbao mbichi. Si kweli, zilikaa darini mwaka mzima. Kosa liko wapi? — Kijana wa Katuba

Mwanangu, nakuamini kwamba mbao zilikuwa kavu. Lakini ulibandika upande mmoja tu, na mji wetu hausamehe jambo hilo.

Fikiria ulipobandika. Mwezi wa pili mvua inanyesha karibu kila siku, hewa ina maji, na mbao zinayanywa na kutanuka hata zikiwa ndani ya nyumba. Kuanzia mwezi wa tano mvua imekatika, mbao zinaanza kuyaachia. Ikifika mwezi wa nane, vumbi jekundu limetanda kila mahali na mbao zimenywea kadiri ziwezavyo. Ubao haunywei kwa urefu kiasi cha kuonekana. Unanywea kwa upana, kukingama na nyuzi zake. Ua lako lilinywea huku limeshikwa na gundi, likauvuta uso wa tripleksi, na kwa kuwa chini hapakuwa na kitu cha kuvuta upande wa pili, meza ikajikunja kuelekea juu.

Tripleksi yenyewe imeundwa kwa akili. Ina matabaka 3, 5 au 7, kila tabaka nyuzi zake zinakatana na za jirani yake, na idadi siku zote ni witiri ili mvuto wa juu ulingane na wa chini. Ukiongeza tabaka moja juu, umeharibu mizani hiyo. Dawa yake ni kubandika plakaji chini pia: unene uleule, nyuzi kuelekea upande uleule, gundi ileile, siku ileile. Si lazima iwe na ua. Mikaratusi au masalia yoyote yaliyonyooka yanatosha, ila unene usiutanie. Na pande zote mbili, nyuzi za plakaji zikate nyuzi za uso wa tripleksi.

Sasa gundi. Hukuitaja, lakini vipande vilivyoachana vinanifanya nifikiri ulitumia kola nyeupe na ukaipaka nyingi. Kola ile ina maji. Ukiipaka juu ya plakaji yenyewe, plakaji inatanuka palepale, unaipanga ikiwa imevimba, na ikikauka inaacha nafasi. Paka kwenye tripleksi, si kwenye plakaji, tena tabaka jembamba. Funika kwa nailoni, weka mbao mbili nzito zilizonyooka, kaza vibano kuanzia katikati kwenda pembeni, na usifungue hadi kesho yake. Mimi kazi za uso mpana nazibandika mwezi wa tano na wa sita, mbao zikiwa si za kulowa wala si za kukauka kabisa. Mteja akiwa na haraka mwezi wa pili, namwomba asubiri, na wengi wanakubali wakielezwa sababu.

Meza hiyo usiitupe. Ilaze kifudifudi juu ya ubao ulionyooka, ikaze iwe bapa, kisha ubandike plakaji ya chini ikiwa imekazwa hivyohivyo. Pengine haitanyooka yote, lakini itatulia. Nyufa usizizibe kwa unga wa mbao na kola, maana doa lake litaonekana kuliko ufa wenyewe. Chonga kijiti chembamba cha mti uleule, nyuzi zifuate zile za jirani, kipake gundi, kichomeke, kisha kwangua. Mrudishie mteja bila kumdai chochote.

Mama Fundi, binti yangu ana miaka 15 na kila akipita kwenye karakana ya jirani anasimama kuangalia. Anataka kujifunza kazi hii. Shemeji zangu wanasema seremala ni mwanaume. Nianze kumnunulia nini? — Mama wa Kampemba

Mama mwenzangu, mwache ajifunze. Kazi hii haitaki mabega. Inataka jicho na mkono usio na haraka, na nimefundisha wasichana na wavulana bila kuona tofauti yoyote ninayoweza kuihusisha na jinsia yao.

Usinunue mashine. Mnunulie bokifili, kile kimsumeno cha upinde wanachotumia masonara, na meno yake membamba ya akiba, maana mwanzoni atayavunja mengi na asigombezwe. Mwombe seremala akate ubao mmoja mwembamba, achonge mwanya wa umbo la V mwishoni, aufunge kwenye ukingo wa meza kwa kibano. Hapo ndipo atakapokatia. Mbao za kujifunzia hazinunuliwi: kila karakana ina gunia la vipande vinavyongoja kuchomwa, na mwenye msumeno wa mashine anaweza kuvipasua viwe plakaji za milimita 2. Unene huo ni mzuri kwa mwanafunzi, kwani plakaji za kiwandani siku hizi hazifiki hata milimita 1 na zinapasuka ukizishika vibaya.

Kosa la kila anayeanza ni kuuzungusha msumeno ufuate mstari. Msumeno unabaki mahali pake, umesimama wima, unapanda na kushuka tu. Kinachogeuka ni ubao, kwa vidole vya mkono wa kushoto. Akikazia hilo tangu wiki ya kwanza, kona hazitamsumbua.

Na asianze na ua. Aanze na ubao wa dama. Vipande 4 vyeupe na 4 vyeusi vya upana uleule, virefu, vimebandikwa kwa kupishana juu ya karatasi. Kisha anakata kukingama, vipande 8 vya upana uleule, na kila cha pili anakigeuza kichwa chini. Miraba 64 inajitokeza. Kama upana wa kipande kimoja umekosewa hata kidogo, pembe hazikutani na kosa linaonekana na kila mtu. Ndiyo sababu naupenda ubao wa dama: mwanafunzi hahitaji kuambiwa na mwalimu kwamba amekosea.

Kwangu ni shaba ya kufua, zile picha za ukutani. Nataka kuingiza shaba na vipande vya malakiti, lile jiwe la kijani, kwenye mifuniko ya masanduku ya mbao. Nimejaribu kola nyeupe, shaba inabanduka. — Fundi wa Ruashi

Ndugu fundi, barua yako imenifurahisha sana. Mji huu umekaa juu ya shaba na bado mafundi wa mbao na mafundi wa shaba hawafanyi kazi meza moja.

Kola nyeupe inashika kwa kuyapeleka maji yake ndani ya mbao. Shaba hainywi maji, kwa hiyo kola haina pa kwenda. Kwangua mgongo wa shaba kwa msasa mkali, ipanguse kwa spiriti, usiiguse tena kwa vidole, na utumie epoksi ya mirija miwili. Ukitaka njia ya kale, mafundi wa Ufaransa walisugua mgongo wa chuma kwa kitunguu saumu kabla ya kupaka gundi ya ngozi. Gundi hiyo inalowekwa usiku kucha kwenye maji baridi, kisha inapashwa ndani ya chungu kilichokaa kwenye maji moto, kama digrii 60. Isichemke, ikichemka inakuwa dhaifu.

Bingwa wa kazi hiyo alikuwa André-Charles Boulle, aliyezaliwa 1642 na kufa 1732, fundi wa mfalme Louis wa 14. Alipanga bamba la shaba ya njano na bamba la gamba la kasa pamoja, akachora mara moja, akakata yote kwa pamoja. Akapata picha mbili: ya shaba juu ya gamba, na ya gamba juu ya shaba. Gamba la kasa leo ni marufuku kulifanyia biashara kati ya nchi na nchi, na wala hatulihitaji. Mubanga wetu, ule wa kahawia iliyokolea, unakaa vizuri sana na shaba nyekundu. Tumia bamba la nusu milimita, lifunge pamoja na plakaji katikati ya tripleksi mbili nyembamba, paka meno ya msumeno mshumaa, na ukate polepole. Ukimaliza kubandika usikimbilie msasa, kwani unga wa shaba utaingia kwenye vitundu vya mbao nyeupe na hautoki. Tumia kwanza kikwangulio. Kisha vanishi siku hiyohiyo, kabla vidole havijaitia shaba madoa. Na sanduku lisikae juani: shaba inatanuka kwa joto, mbao zinanywea, na ubishi huo hakuna gundi inayoushinda.

Malakiti ni laini kuliko inavyoonekana, mchanga wa kawaida unaikwaruza. Iweke pasiposuguliwa. Ikate ikiwa imelowa na uvae maski, kwa sababu unga wake una shaba na unadhuru mapafu. Ndimu na siki visiikaribie, vinaila.

Mjomba wangu anasema marketeri ni kazi ya Wazungu, haina mizizi kwetu. — Mwanafunzi wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi

Mpe mjomba salamu, kisha umwulize kuhusu lukasa. Ni ubao wa Waluba unaoshikwa mkononi, umepangwa shanga na makombe, na watu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa vidole huku wakisimulia habari za wafalme. Mwulize pia kuhusu viti vya Wachokwe vilivyopigwa misumari ya shaba ya njano kwa mistari. Kazi hizo si marketeri kamili, maana vitu vimechomekwa juu badala ya kulala sawa na uso. Lakini kupamba mbao kwa kitu cha rangi nyingine si jambo tulilofunzwa na mgeni. Hata michoro ya Mwenze Kibwanga, aliyefunzwa hapahapa kwenye karakana ya uchoraji ya Romain-Desfossés iliyoanzishwa 1946, ina vistari vifupi vilivyopangana hivi kwamba mwanafunzi wangu anaweza kuukata mnyama wake kwa mbao bila kubadilisha mengi. Ndivyo ninavyotaka tufanye, kuliko kunakili mawaridi ya Versailles, jumba la wafalme wa Ufaransa.

Naruhusiwa kutumia mukula? — Seremala wa Annexe

Tangu 2019 mukula umo kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, maana yake hauvuki mpaka bila kibali. Malori ya magogo yaliyokwenda Uchina yametuachia misitu mitupu. Mimi natumia mukula wa samani kuukuu tu, na wekundu wake unatosha ukikata vipande vidogo. Vaa maski unapoupiga msasa.

Majani ya maua yangu yanaonekana bapa. Je, nipake rangi kupata kivuli? — Msomaji wa Kamalondo

Usipake rangi. Choma kwa mchanga.

Chukua mchanga mwembamba wa mtoni, uoshe, uuchuje, uukaushe. Ujaze kwenye kikaango cha zamani, kina cha vidole viwili, uweke juu ya mbabula, lile jiko la mkaa, yenye makaa yaliyokwisha kushika vizuri. Chini mchanga ni moto sana, juu ni vuguvugu, na tofauti hiyo ndiyo inayokupa kivuli. Shika jani kwa kibanio, chovya ukingo mmoja tu, hesabu hadi tano, toa, angalia. Ukingo utakuwa wa kahawia, na kahawia hiyo itafifia yenyewe kuelekea katikati ya jani bila mstari wowote. Rudia kuliko kuliacha lizame muda mrefu. Ni bora kivuli kibaki hafifu kidogo kuliko kuwa cheusi, maana mbao iliyoungua inakuwa makaa na inabomoka kwenye msasa. Jakaranda, kwa kuwa ni nyeupe, inakubali kazi hii kuliko mbao zote ninazozipata hapa. Kwenye mulombwa kivuli hakionekani.

Joto linakausha jani na kulifanya linywee, kwa hiyo halitaingia sawasawa kwenye shimo lake. Lipanguse mgongoni kwa kitambaa chenye unyevu, liweke chini ya kitabu kizito hadi lirudi kipimo chake, ndipo ulipange. Na uchome kabla ya kubandika, vipande vyote vya ua moja siku moja, mwanga wote ukitoka upande mmoja. Amua mapema jua la ua lako liko wapi, ulichore kwa penseli pembeni mwa karatasi.