Madrasa, Sanduku la Maswali na Saa 72

SWALI: Assalaam aleykum, Mshauri. Ni mwalimu wa madrasa huku Wete, Pemba. Kamati imeniruhusu nizungumze na wanafunzi wa miaka 12 hadi 16 kuhusu baleghe na kujikinga na udhalilishaji, ila baadhi ya wazee wanahofia nitawafumbua macho watoto kabla ya wakati. Nitumie nyenzo gani, na nifanye nini mtoto akinieleza kwamba ameshafanyiwa?

JIBU: Wa aleykum salaam, Mwalimu. Wazee wakumbushe kwamba watoto hao tayari wanasoma hedhi, janaba na josho katika fiqhi. Kilichobaki ni kuyaunganisha na miili yao na haki yao ya kukataa kuguswa. Wasichana watafutie mwalimu mwanamke, ikiwezekana pamoja na mkunga wa kituo cha afya cha karibu.

Mabango ya picha yanafaa, lakini mimi ningetanguliza sanduku la maswali, hata likiwa la boksi la viatu lililotobolewa juu. Wape wote karatasi za ukubwa mmoja, na asiye na swali aandike “sina swali”, ili asijulikane aliyeuliza. Usilifungue mbele yao. Zisome karatasi peke yako kwanza, maana huenda mojawapo isiwe swali bali malalamiko ya mtoto anayeumizwa. Ukiipata isiyo na jina, watangazie wote ni wakati gani na wapi wanaweza kukuona kwa faragha.

Nyenzo ya pili ni kisa kifupi cha kujadiliwa. Mjomba anampa binti wa miaka 13 shilingi elfu mbili za chipsi, anamsifu umbo lake, kisha anamwambia asimwambie mama. Waulize ni wapi walipoanza kutia shaka. Wengi wataitaja pesa; wapeleke taratibu kwenye ile siri. Halafu mmoja aigize mama anayeambiwa habari hiyo, na hapo usiharakishe hata kidogo, kwani kwetu mara nyingi mtoto husema na mkubwa ndiye anayenyamaza kwa muhali, eti jamaa ni wetu, tutayamaliza wenyewe.

Mtoto akikueleza, msikilize bila kumhoji mara kwa mara, mwambie kosa si lake, wala usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Usiwaite wazee kusuluhisha, na ikiwa mshukiwa anaishi nyumba moja na mtoto, usitangulize habari huko. Ikiwa ameingiliwa, asikoge kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa zisifuliwe bali zitiwe katika mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5. Muda huo ukipita, bado apelekwe kwa matibabu na ushauri nasaha.

Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha hospitali ya Chake Chake, huwaweka pamoja daktari, polisi na mshauri nasaha, hivyo mtoto hazungushwi ofisi hadi ofisi. Kama usafiri utachelewa, anzia hospitali iliyo karibu, na upige 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.