Kisiwani Uzi hutazami saa, unatazama maji

Mimi nimekulia Singida. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nilipokwenda kusoma Unguja, na kwa miezi kadhaa niliamini maji hujaa na kupwa kidogo tu, kama kwenye beseni. Kisiwa cha Uzi ndicho kilichonifundisha, tena kwa kuniweka ufukoni hadi usiku.

Uzi iko kusini mwa Unguja, ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai, mkabala na Unguja Ukuu. Nilipokwenda mimi, habari za daraja zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kusikika. Njia ilikuwa ile ya mawe inayokatiza kwenye mikoko. Maji yakipwa ulipita kwa miguu, hata gari zilipita. Yakijaa, njia haikuwepo.

Tulikuwa wanafunzi watatu na kazi moja ya darasani kuhusu uvuvi wa asili. Tulivuka saa nne asubuhi, tukakuta bahari imekwenda mbali na kina mama wameshatawanyika pwani wakichokoa pweza kwenye mashimo ya miamba. Chini ya mti tukamkuta mzee anashona wavu, pembeni yake dema mbili kuukuu, ile mitego ya samaki. Tukampa shikamoo, nikatoa karatasi yangu ya maswali. Swali la kwanza: mnaanza kazi saa ngapi na kumaliza saa ngapi?

Mzee akanitazama. "Leo mwezi ngapi, mwanangu?"

Nikamjibu, "Machi." Watoto waliotuzunguka wakaangua kicheko.

Alikuwa anauliza mwezi wa angani. Ilikuwa mwezi kumi na tano, siku ya kumi na tano tangu uandame, yaani bamvua, maji yanapokupwa sana na kujaa sana. Kama unapanga safari ya siku moja kwenye kisiwa cha aina hii, hesabu aliyonipa ndiyo ya kuishika. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Siku hizo, upande huu wa Unguja maji huwa makavu kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari haiendi mbali wala haiji kwa nguvu, na wachokoaji pweza hawana cha kufuata huko. Kati ya kupwa na kujaa ni saa sita na ushei, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo saa uliyoambiwa na rafiki aliyekwenda wiki jana haikufai kitu. Piga simu, muulize mtu wa kule kule.

Unadhani baada ya somo hilo tulirudi mapema? Tulikwenda kutazama ngarawa zikichongwa, tukakaribishwa wali na samaki, tukashiba, tukalala kidogo. Tulipofika njiani saa tisa, mikoko ilikuwa imebaki vichwa. Mwenye mtumbwi mmoja akatutajia nauli iliyozidi pesa zetu zote watatu zikichangwa. Sikumlaumu.

Kina mama walioturudisha barazani hawakutuuliza maswali mengi. Aibu yangu ilikuwa kwamba tulikuja mikono mitupu, na sasa tunalishwa mara ya pili. Beba hata kilo mbili za sukari au majani ya chai, na maji yako ya kunywa. Usitegemee kukuta mgahawa. Vaa nguo za heshima. Kuhusu picha, omba kwanza, hasa kwa wanawake walio kazini pwani na nguo zimelowa. Mwenzetu mmoja alipiga bila kuuliza, akageuziwa migongo, na mahojiano tuliyoyapanga na kina mama hao yakaishia hapo.

Viatu navyo. Kandambili zinanasa kwenye tope la mikoko, ukivua unakanyaga magamba ya chaza, na yanakata kama wembe. Chukua raba kuukuu za kamba.

Tulivuka saa mbili na nusu usiku, maji bado yapo kwenye vifundo, mwezi unawaka kiasi kwamba tochi hatukuiwasha. Kijana mmoja wa Uzi alitutangulia, anaongea tu na simu, anakanyaga mawe bila hata kuyatazama. Daladala za kurudi mjini zilikuwa zimekwisha zamani, kwa hiyo ukienda, waulize makondakta gari ya mwisho inaondoka Unguja Ukuu saa ngapi kabla hujashuka. Sisi tulilala kwenye mikeka kwa ndugu wa yule kijana, na karatasi yangu ya maswali ilikuwa na jibu moja tu.